Milamula Minne

Kokwijuka alitoka ndani ya stesheneri yake na karatasi za moto mkononi, akamkuta mwanamume mzima amesimama juu ya benchi la wateja. Mguu mmoja benchini, mwingine kwenye ukingo wa dirisha, mikono yote miwili hewani, na kila mkono umeshika simu. Ilikuwa siku ya gulio hapo Nkwenda. Watu walikuwa wamejaa hadi barabarani, pikipiki zikipenya katikati ya mikungu ya ndizi, wanunuzi wa maharage wakiitana kwa Kinyambo, Kiswahili na Kiganda kidogo cha ng'ambo ya mpaka. Na katikati ya fujo yote hiyo bwana huyu alikuwa ameganda kama anayesubiri kupigwa picha.

"We kaka!" Koku alimaka. "Hilo benchi ni la wateja, siyo jukwaa la kwaya!"

"Samahani dada, nusu dakika tu. Nimepata mstari mmoja."

"Mstari wa nini?"

"Wa mtandao."

"Hapa Nkwenda mstari mmoja ndiyo yote. Ukipata wa pili nitakupigia vigelegele."

Bwana alicheka, na kicheko ndicho kilichomponza. Benchi lilitoa mlio, mguu wake mmoja wa mbao ukakatika, naye bwana akatua chali juu ya mikungu ya ndizi ya mama muuzaji wa jirani. Watu waliguta kwa mshangao, kisha kwa kicheko. Yeye alibaki amelala pale pale, mikono bado hewani.

"Simu zimepona," alisema.

"Na benchi langu?"

Hapo ndipo alipomtazama vizuri mwenye benchi, akasahau kuinuka. Koku alikuwa amevaa gauni la kitenge la njano lenye maua meusi, nywele kazisuka twende kilioni, kiuno kakishika kwa mkono mmoja kama mwalimu wa zamu. Yeye alikuwa na shati la bluu lililopigwa pasi hadi likakoma, buti zilizojaa tope jekundu, na kitambulisho shingoni: Edgar, mipango miji. Alieleza, akijipangusa maganda, kwamba mji mdogo wa Nkwenda na vijiji vya jirani vinapangwa upya. Utalazwa mkongo wa mawasiliano ardhini, itasimamishwa minara, ili soko, shule, zahanati na ofisi zote ziwe na mtandao wa uhakika. Kabla ya kupanga, lazima apime kila mtaa ajue unashika mtandao kiasi gani.

"Andika kwamba huku haushiki," alisema Mackrine, fundi cherehani wa chumba cha pili, bila kuinua macho kwenye pindo alilokuwa akishona. "Na andika kwamba wapimaji wanavunja mabenchi."

Kesho yake asubuhi Edgar alirudi na benchi jipya la mbao nene, kalibeba begani mwenyewe. Mackrine alilipima kwa macho, akalikalia, akajitingisha. "Hili hata mkiliketia wawili halivunjiki," alisema, na Koku akaona aibu hadi masikioni.

Ndivyo walivyoanza. Edgar alikuwa mtu wa kusafiri, leo Karagwe upande wa Rugera, kesho Kyerwa, kwa hiyo mapenzi yao yaliishi kwenye simu, na simu ya Nkwenda mnaijua. Maneno matamu yalikuwa yanafika nusu nusu.

"Koku wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Mimi siwezi kula kabla sijasikia sauti yako. Sikiliza, kuna jambo nataka..."

Kimya. Simu imekata. Koku angetoka nje, apande kwenye benchi, anyooshe mkono kama yeye siku ile, huku Mackrine akipasuka mbavu. Wakipatana tena, Edgar huwa ushujaa umeshamwisha, na lile jambo analolitaka linabaki kiporo. Mwezi wa tatu peke yake lilikatika mara tatu. Koku alianza kuuchukia mtandao kama anavyochukiwa mke mwenza.

Wazazi wa Edgar walikuwa watu wa Muleba, lakini yeye alikulia Dodoma, na Kihaya alikijua cha kusalimia tu. Koku alimwita Mhaya wa Dodoma. Alasiri moja Edgar alimpigia akiwa anakodolea macho kompyuta.

"Nisaidie, mpenzi. Kwenye picha za droni za kijiji cha Kibingo naona mimea imejipanga mistari, majani yake marefu, iko kila shamba. Ni nini?"

"Milamula hiyo. Mipaka. Mtu akipanda mlamula amesema, hapa ndipo pangu panapoishia. Hata mtoto wa chekechea anajua."

"Kila mahali ni mpaka?"

"Kila mahali, Mhaya wa Dodoma. Andika hivyo, ukanywe chai."

"Umenipunguzia kazi ya mwezi mzima! Basi waya wetu utafuata mipaka, hakuna mgomba wa mtu utakaokatwa. Nikupe zawadi gani?"

"Nipe mstari wa pili. Halafu Kibingo ndiko kwetu, unajua?"

"Kweli? Kwenu ni ipi katika hizi nyumba?"

"Ya kwetu ni ile ya bati la kijani, karibu na chemchemi. Baba anaishi pale peke yake. Mama amelala nyuma ya nyumba, ndani ya migomba. Siku moja nitakupeleka umsalimie." Alingoja jibu, akasikia kimya. Akacheka, akaiweka simu mezani. Mambo ya Nkwenda.

Wiki sita baadaye, mtendaji aliingia stesheneri na karatasi kubwa iliyokunjwa. "Nitolee nakala kumi na mbili, binti. Ni mchoro wa mradi, tunaubandika leo. Wananchi wana siku kumi na nne za kutoa pingamizi."

Koku aliulaza mchoro kwenye mashine huku akiimba. Nakala ya kwanza ikatoka, ya pili, ya tatu. Ya nne aliishika mkononi, ina joto bado, akaitazama kwa fahari maana chini kulia kulikuwa na sahihi ya Edgar wake. Macho yakapanda juu taratibu. Barabara ya Kibingo. Kanisa la Kilutheri. Chemchemi. Kando ya chemchemi, kiwanja namba 117, na nyuma ya nyumba, duara jekundu lenye neno moja: MNARA.

Aliisoma tena. Wimbo ulimfia kooni. Nyuma ya nyumba ile hakukuwa na kitu kingine chochote. Kulikuwa na mama yake.

Mashine iliendelea kutema nakala, ya tano, ya sita, ya saba, na kila moja ilikuwa na duara lile lile. Mtendaji alikuwa akisema kitu, Koku alimwona midomo ikicheza, hakusikia. Aliinama akachomoa waya ukutani.

Alipanda kwenye benchi, lile lile alilonunuliwa, akapiga.

"Koku wangu! Nilikuwa nakuwaza sasa..."

"Umeniwaza?" Sauti ilimtoka kubwa, gulio lote likageuka. "Edgar, nilikuambia mama yangu amelala wapi. Nilikuambia kwa mdomo wangu! Na wewe umemwekea mnara kifuani!"

"Koku, sikuelewi. Mama gani? Subiri, ngoja nika..."

Kimya.

"Amenikatia," Koku alisema. Alishuka benchini. "Mackrine, mwanamume huyu amenikatia simu."

"Pengine ni mtandao, shoga."

"Siku hizi kila uongo unasingiziwa mtandao." Akaifungia namba ya Edgar hapo hapo, akikosea mara mbili kwa haraka.

Bodaboda ilimfikisha Kibingo jua likiwa bado kali. Baba yake, mzee Kaijage, alikuwa uani akianika kahawa kwenye jamvi, shati lake la kaki limefungwa hadi kifungo cha juu kama kawaida yake. Koku hakusubiri hata kukaribishwa.

"Shikamoo, Tata."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema hivyo? Kuna msiba?"

"Wanataka kumchimbua mama."

Mzee aliweka chini reki yake. Koku alikunjua mchoro juu ya kahawa, akamwonesha duara. Baba yake alilitazama, akasema jambo ambalo Koku hakulitegemea kabisa.

"Mnara huo nimeutia sahihi mimi."

"Tata!"

"Walipita hapa vijana wa mradi, wakauliza nani anaridhia mnara ujengwe Kibingo. Nilikuwa wa kwanza. Hawakusema utakaa wapi, na mimi sikuuliza. Niliutaka tu."

"Kwa nini? Wewe simu yako hata kuiwasha ni hadi Jumapili!"

Mzee Kaijage alikaa kwenye kigoda. Alichukua punje moja ya kahawa akaipekecha kwa kidole gumba hadi ganda likatoka. Alikuwa na macho ya mtu anayetafuta mlango.

"Siku ile mama yako presha ilipopanda, wewe ulikuwa chuoni Bukoba. Nilikuambia nini?"

"Uliniambia ulimshika mkono hadi mwisho."

"Nilikudanganya."

Miaka sita Koku alikuwa ameishi na mkono ule. Kila alipolia, aliuegemea.

"Nilikuwa juu ya kilima cha rweya," mzee aliendelea, akionesha kwa kidevu uwanda wa nyasi ulio nyuma ya mashamba, pale wanapochungia ng'ombe. "Nilipanda mbio kutafuta mtandao niite gari la zahanati. Nilizunguka kila jiwe na simu juu. Nikapata mstari, nikampata dereva, nikashuka mbio. Mama yako alikuwa ameshaondoka. Peke yake, Koku. Mkono wake ulikuwa umening'inia nje ya kitanda."

Koku alimpigia baba yake magoti, akaushika mkono wake. Walilia pamoja mchana kweupe, jambo ambalo mzee yule hakuwahi kulifanya hata siku ya mazishi.

Mzee ndiye aliyenyamaza kwanza. Alijifuta kwa kiwiko, akauvuta mchoro. "Mnara naungoja hata kesho. Lakini siyo juu yake. Hebu nisomee, walipachaguaje pale? Mtu mwenye akili haoni kaburi?"

Koku alisoma maelezo ya pembeni kwa sauti. "Mstari wa kijani ni mpaka, umetambuliwa kwa milamula. Eneo la mnara ni uwazi mdogo usio na mazao, umezungukwa na mipaka pande zote nne, hauna mmiliki..."

"Nani aliwaambia kila mlamula ni mpaka?" mzee aliuliza kwa hasira. "Sisi tusioweka saruji tunapanda milamula minne, kila pembe ya kaburi mmoja, ili jembe lisipite. Mtu wa hapa angewaambia! Nani huyo mjinga?"

Koku aliuachia mchoro ukaanguka juu ya kahawa. Aliisikia sauti yake mwenyewe, ya kuringa, ya kupendwa: hata mtoto wa chekechea anajua. Milamula ile minne aliipanda yeye mwenyewe kwa mikono yake, siku ya tatu ya msiba, udongo bado laini. Akaisahau kwa sababu ya kutaka kuonekana mjuzi kwenye simu.

"Koku? Mbona umekuwa hivyo?"

"Ni mimi, Tata," alisema. "Mjinga ni mimi."

Mkutano wa pingamizi ulifanyika Jumamosi asubuhi, kwenye uwanja wa shule ya msingi. Watu walifurika, wanawake na vitenge vyao vya kanisani, wazee na fimbo, habari zimeshatapakaa kwamba mradi unachimba maiti. Koku alikaa nyuma na baba yake. Usiku wote uliopita alikuwa amepanga atakachosema, na sasa hakumbuki hata neno moja. Kisha Edgar akaingia. Shati halikupigwa pasi. Ndevu zimeota. Buti zile zimechanika upande, na suruali ina tope hadi magotini.

Hakukaa kwenye meza kuu. Alisimama mbele ya watu na daftari mkononi.

"Shikamooni wazazi wangu. Naitwa Edgar. Sahihi iliyo kwenye mchoro ni yangu, na mchoro ule ni kosa langu. Nilipanga ardhi yenu kwa picha za kutoka juu. Sikukanyaga. Siku nne zilizopita mtu mmoja alinipigia simu akanipigia kelele, na kabla sijamwelewa mtandao ukakata. Namshukuru kwa kelele zile. Tangu siku hiyo nimetembea kwa miguu mstari wote, kutoka Nkwenda hadi hapa, mlamula kwa mlamula, nikiuliza kila nyumba."

Alifungua daftari.

"Nilidhani nitakuta kaburi moja nililolikosea. Nimekuta tisa."

Mama mmoja alitamka "Waitu!" akajishika kifua. Edgar alisoma namba za viwanja moja baada ya nyingine, na kila namba, familia fulani iliinua kichwa kwa mshtuko. Watu waliokuja kutetea mashamba waligundua kwamba bibi zao walikuwa wamepitishiwa mtaro wa mkongo. Kijana mmoja wa kiume alisimama na fimbo. "Kwa nini tusikupige sasa hivi?"

"Ngojeni!" Koku aliinuka. Hakujua miguu imempeleka mbele saa ngapi. "Huyu aliuliza kabla ya kuchora. Alimuuliza mzaliwa wa hapa hapa Kibingo, akaambiwa kila mlamula ni mpaka. Aliyemwambia ni mimi, Kokwijuka wa mzee Kaijage. Kaburi la mama yangu nililizungushia milamula mimi mwenyewe, na bado nilimwambia hivyo."

Sasa aliyeduwaa alikuwa Edgar. Daftari lilimponyoka. "Namba 117," alisema polepole, kama anayeamka. "Pale sikumkuta mtu, niliona kaburi tu. Ni kwenu? Koku, yule ni mama yako?"

"Nilikuambia! Bati la kijani, chemchemi, mama nyuma ya nyumba!"

"Nilisikia 'ya kwetu ni ile', basi. Simu ikakata."

Kwa hiyo maneno yale yote alikuwa ameyaambia simu iliyokufa. Koku alijiziba uso kwa viganja. Watu walimtazama mmoja, wakamtazama mwingine, wakaanza kuelewa kwamba hapa kuna zaidi ya mtaro. Mama wa "Waitu" akacheka wa kwanza, na aliyeshika fimbo akaketi.

Mzee Kaijage ndiye aliyemaliza. Alikwenda hadi mezani, akaweka kidole kwenye mchoro, juu kabisa, kwenye kilima cha rweya. "Mnara wekeni hapa. Pana mtandao. Napajua." Hakueleza zaidi, na Koku peke yake ndiye aliyejua kile kidole kilikuwa kimewekwa kwenye nini. Kijiji kiliridhia kutoa kipande cha malisho, mchoro ukarudishwa kuandikwa upya, na Edgar akapewa barua ya onyo kazini kwa kuuchelewesha mradi.

Baada ya mkutano alimkuta Koku kwenye uzio wa shule.

"Umenifungia namba."

"Nilidhani umenikatia."

"Nimepiga mara arobaini na moja."

"Ulikuwa unahesabu?"

"Simu inahesabu yenyewe. Mimi nilikuwa nalia tu." Alisema hivyo bila aibu, na Koku akaona ndevu zile zinampendeza. "Nisamehe, mpenzi."

"Nisamehe wewe. Nilijitia mjuzi." Alimtoa tope begani. "Lile jambo lako la mwezi wa tatu. Nataka, nataka, halafu kimya. Ulikuwa unataka nini?"

"Nitakuambia mtandao ukishika."

"Mwanamume una roho mbaya wewe!"

Miezi mitano ilipita. Mnara ulisimama kilimani, mwembamba na mweupe, ukionekana hadi Nkwenda. Mchana mmoja wa Jumapili, Koku alikuwa uani akimenya ndizi na baba yake, gauni lake lile la njano kalifungia khanga kiunoni, ghafla kitu kikalia mfukoni mwa shati la kaki. Mzee aliruka, kisu kikamtoka. Tangu nyumba ile ijengwe, simu haikuwahi kulia ndani ya uzio wake.

"Inalia!" alisema, kama anayeona nyoka. "Koku, inalia hapa hapa!"

"Pokea basi, Tata!"

Alibonyeza, sauti ikajaza ua mzima, safi bila mkwaruzo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Ni Edgar. Niko kilimani na mafundi, ndiyo kwanza tumeuwasha. Wewe ndiye wa kwanza kupigiwa. Baba, kuna jambo nataka. Nimejaribu kulisema tangu mwezi wa tatu likawa linakatika. Naomba nije na wazee wangu kutoka Muleba, tumpose Kokwijuka."

Ndizi ilimponyoka Koku ikaangukia kwenye beseni. Alikuwa amejiandaa kwa kila siku, siyo kwa siku hii, akiwa na utomvu mikononi. Baba yake alimgeukia.

"Unamtaka?"

Koku aliitikia kwa kichwa, mara moja, mara mbili, machozi yanamtiririka hadi kidevuni.

Mzee Kaijage aliinuka, simu mbele yake kama mtu aliyebeba bakuli la maziwa, akazunguka nyuma ya nyumba, akaingia ndani ya migomba. Koku alimfuata. Katikati ya milamula minne mzee alipiga goti lake bovu, akailaza simu juu ya nyasi taratibu.

"Rudia, mwanangu," alisema. "Mwenye nyumba hajasikia."

Edgar akarudia, neno kwa neno, na simu haikukata.